Chupa ya Shahidi

Nilipotengeneza unga mweupe nilikuwa bado sijazaliwa. Usinikodolee macho. Ndivyo tunavyosema sisi wapimaji wa mji huu, na kwa kuwa wenzangu wote wamekwisha, ndivyo ninavyosema mimi peke yangu. Anayevaa koti la Mpimaji huliacha jina lake mlangoni pamoja na viatu, na tangu siku hiyo kila walichofanya waliolivaa kabla yake amekifanya yeye. Akisoma daftari la zamani hasemi "walipima." Husema "nilipima." Mimi ni wa sita. Koti ni lilelile, limetiwa viraka hata sijui tena kiraka ni kipi na koti ni lipi. Kwa hesabu ya mama aliyenizaa nina miaka sitini na moja. Kwa hesabu ya koti nina themanini na mitatu, na nikiamka asubuhi sijui ni magoti ya nani yanayoniuma.

Basi, nilitengeneza unga mweupe. Fukusi walikuwa wameingia maghalani, mahindi yakawa vumbi, watu wakawa wanachemsha magome na kuwadanganya watoto kwamba ni nyama. Nikachanganya hiki na kile, nikapika, nikakausha, nikapata unga laini usio na harufu. Kijiko kimoja kwa gunia, na fukusi wakafa wote. Siku hiyo watu walinibeba mabegani, nami nilikuwa mwanamume wakati huo, mwenye ndevu, na nililia machozi. Kisha wakaumwaga unga mashambani, wakaumwaga mitaroni, wakawapaka mpaka mbwa. Mtu aliyeshiba haulizi sana. Mvua zikaunyeshea ukazama ardhini, na huko chini ndiko kiliko kisima.

Nasema kisima kwa sababu mji huu una kimoja tu. Mitaa yetu huhama. Ukitoka dukani unaweza kuikuta nyumba yako imegeukia upande mwingine, na jana hurudi baadhi ya siku saa sita mchana ikakaa barazani hadi ichoke. Kisima hakihami. Watu walipoanza kuyaogopa maji yake, walikifunga kwa mnyororo, wakawa wanakwenda chemchemi ya Kigongo, mwendo wa saa tatu kwenda na saa nne kurudi na ndoo kichwani. Wakaniambia: wewe ndiye uliyeleta balaa hili, wewe ndiye utakayetuambia limekwisha lini. Nikaanza kupima, mara moja kila mwaka, siku ileile.

Kupima kwenyewe hakuna miujiza. Unachukua maji ya kisima kwenye bilauri, unatia rangi ya zambarau, kisha unadondosha dawa tone baada ya tone mpaka zambarau ipotee. Unga ukiwa mwingi, matone huwa mengi. Lakini hata maji safi kabisa hula matone machache kwa sababu ya rangi yenyewe. Kwa hiyo pembeni unaweka chupa ya pili, yenye maji yasiyojua unga ni nini, nayo unaipima vivyo hivyo. Hiyo tunaiita chupa ya shahidi. Unatoa hesabu ya shahidi kwenye hesabu ya kisima, na kinachobaki ndicho sumu. Hata mtu asiyejua kusoma angeelewa, na wengi wetu tuliishia kuwa watu wa namna hiyo.

Mwaka wa tisa kisima kilikula matone saba na shahidi matatu. Yakabaki manne. Mwaka wa kumi kisima kilikula saba, na shahidi saba. Ikabaki sifuri. Mnyororo ukakatwa, ngoma zikapigwa siku nne, na tangu hapo mji una sikukuu moja kubwa kuliko zote, Siku ya Sifuri. Siku hiyo Mpimaji husimama mbele ya Baraza na kutamka neno hilo moja. Kisha hunywa kata ya kwanza ya maji ya kisima. Kata ya pili hupewa mwanamke mwenye mimba, aliyechaguliwa mwaka huo, ili kuonyesha kwamba hata aliye tumboni yu salama. Miaka kumi na tisa nimesimama pale kwa miguu yangu hii na kutamka. Nilikuwa na sauti nzuri ya kutamkia, wakanisifu.

Mwaka huu aliyechaguliwa ni Kibibi. Kibibi ni mwanangu, nilimzaa kabla sijavaa koti, na ana mimba ya miezi saba. Kabla ya hii zilitoka mbili. Nilizizika mwenyewe nyuma ya nyumba, na watu wakasema ni kijicho cha jirani, wengine wakasema ni mume. Katika mji huu mimba hutoka sana. Tumezoea, tuna hata maneno laini ya kumpelekea aliyefikwa, na maneno laini ni dalili ya jambo lililozoeleka.

Siku tatu kabla ya sikukuu, jua lilipasua tangi la juu ya paa. Ni tangi la kuoshea vyombo, na kutoka bomba lake ndiko tunakojazia chupa ya shahidi. Nikaguna, nikatukana kidogo, kisha nikaona ndoo chini ya mahali paa linapovuja. Mvua ya alfajiri ilikuwa imeijaza nusu. Nikajazia chupa ya shahidi maji ya mvua, kwa sababu sikuwa na mengine. Kisima kikala matone kumi na saba, kama mwaka jana. Shahidi akala matatu.

Nilidhani nimekosea kuhesabu. Nikarudia. Matatu. Nikaosha bilauri kwa mvua, nikarudia mara saba, na mara zote saba zambarau ilipotea tone la tatu kama inayonicheka. Nikachukua daftari, nikaanza kuperuzi nyuma. Kumi na saba na kumi na saba, sifuri. Kumi na tano na kumi na tano, sifuri. Kumi na moja na kumi na moja. Saba na saba. Yote yalikuwa yameandikwa pale kwa mwandiko safi, kwa wino usiofutika, miaka arobaini na mmoja. Shahidi alikuwa anapanda pamoja na kisima, ngazi kwa ngazi, kama mtu na kivuli chake, na hakuna aliyeuliza kwa sababu kila mmoja wetu aliitazama safu ya mwisho tu.

Nikapanda juu ya paa. Pale kwenye bomba nilimkuta Mpimaji wa tatu, aliyekufa kabla sijaolewa, amevaa koti ninalolivaa. Alikuwa akijaza chupa ya shahidi. Nikamuuliza kwa nini hachukui maji ya mvua kama nilivyofanya miaka tisa ya mwanzo. Akasema mvua imechelewa siku kumi na tisa, sikukuu haipo bado lakini Baraza linataka jibu, na yeye amechoka kutazama mbingu. Nikamuuliza kama anajua tangi hili linavuta maji kutoka wapi. Akaendelea kujaza. Alijua. Pampu ilikuwa inaunguruma chini yetu, ndani ya kisima kilekile.

"Maji ni maji," akasema, na sauti ilitoka kinywani mwangu.

Alipogeuka alikuwa na uso wangu, na sikuwa na mtu wa kumgombeza. Alifanya mara moja kwa uchovu. Mimi nilifanya mara kumi na tisa kwa utiifu, kwa sababu wa tano alinifundisha: fanya kama nilivyofanya, usibadilishe mkono. Tulidhani uaminifu ni kurudia. Nilikaa juu ya bati la moto mpaka makalio yakaniungua, nikitafakari huyu mdudu anayeitwa sifuri.

Sifuri ni nini? Nilidhani ni kutokuwapo kwa kitu. Sasa naona ni mahali mtu anapoamua kuanzia kuhesabu. Mji ukichagua kuanzia ndani ya sumu, utapima maisha yake yote na kukuta uko sawa. Utatoa njaa ya jana kwenye njaa ya leo na kusema hatuna njaa. Utatoa woga wa baba kwenye woga wa mwana na kusema tumekuwa mashujaa. Utatoa mimba zilizotoka mwaka jana kwenye zilizotoka mwaka huu, tofauti hakuna, alhamdulillahi, pigeni ngoma. Mizani haina kosa, dawa haina kosa, mkono hautetemeki, hesabu ya kutoa ni sahihi. Shahidi tu ndiye anayekunywa kisima kimoja na mshtakiwa. Nani atamshuhudia shahidi? Na mimi je, ninayetaka kumshuhudia, nimekunywa wapi? Nimekunywa hapohapo. Hata wazo hili limechemshwa kwa maji yale.

Nami naipenda kazi hii, niseme wazi. Naipenda kuliko nilivyompenda mume wangu, Mungu amrehemu, na yeye alijua. Watu wa mji huu huogea sabuni yangu, huvaa rangi zangu, huwasha moto kwa kiberiti changu, na wakipita mbele ya maabara hutema mate kuondoa nuksi. Vijana watano walikuja kujifunza. Wote wameondoka kwenda kuchanganya marashi sokoni, ambako kitu huonekana kimefanyika kabla jua halijatua. Siwalaumu. Nani anataka kupanda mti ambao kivuli chake atakikalia mjukuu wa mtu mwingine? Mizani imeota kutu. Paa ni hilo mnaloliona linavyovuja. Na sasa, nikisema kumi na nne badala ya sifuri, nani atampa Mpimaji hata msumari?

Nilimwambia Kibibi kwanza. Nilimkuta anamenya muhogo, nikakaa kwenye kibao, nikamweleza yote bila kupamba. Yeye hajawahi kuliheshimu koti. Tangu mdogo alikuwa akiniuliza, mama, utabeba makosa ya wafu mpaka lini, hujatosheka na yako? Nilingoja anitupie kisu. Aliendelea kumenya. Baadaye akaniuliza kama wale wawili waliotoka walikuwa wa maji. Nikamwambia sijui kwa hakika, na kwamba nadhani ndiyo. Akauliza kama nilijua. Nikasema nilikuwa na daftari mbele yangu miaka kumi na tisa. Akaweka kisu chini, akalia kwa muda mrefu bila kunitazama, nami nikalia upande wangu, kila mtu na chake.

Kesho yake akaja Mwenyekiti wa Baraza, Bwana Shaame. Si mtu mbaya. Ana sauti ya pole na tumbo la mtu aliyekubali mambo mengi. Alikuwa amesikia kwamba Mpimaji amepanda paani akizungumza peke yake. Nikamwonyesha bilauri mbili, nikapima mbele yake, naye akahesabu matone kwa vidole vyake. Akaomba maji, kisha akakumbuka na kuyakataa. Halafu akaanza kunipangia. Niseme sifuri mwaka huu tu, mwaka mmoja, watu wasije wakakanyagana njiani kwenda Kigongo. Baraza litaezeka paa jipya. Litaniletea wanafunzi watano na mizani isiyo na kutu, tutafute dawa ya kusafisha kimyakimya. Wa tumboni mwa Kibibi atapelekewa maji ya chemchemi kwa siri. Kata yake ya sikukuu itajazwa mvua, hakuna atakayejua.

Sitadanganya, nililiona lile paa. Nililiona linang'aa. Nilisikia hata vicheko vya wale wanafunzi watano. Sayansi haili ukweli mtupu, inakula pia mabati na mishahara, na mwanamke wa miaka sitini na moja anajua kuwa akifa bila mrithi koti litafanywa tambara la kudekia. Nikamuuliza Bwana Shaame: wenye mimba wengine ni wangapi? Akasema hawahesabiki. Nikamwambia ndiyo maana sitaweza.

Akajaribu mlango wa pili. Kama ni lazima useme, akasema, basi sema ni wale wa zamani. Vua koti, simama kama Mwanakombo, raia wa kawaida aliyegundua uovu wa wapimaji waliopita. Watu watakushangilia. Alilitaja jina langu, jina nililoliacha mlangoni, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyeniita hivyo. Jina langu lilikuwa tamu, na lilikuwa safi kama chupa mpya.

Siku ya Sifuri jua lilitoka mara mbili, kama linavyofanya siku rasmi. Ukumbi wa Baraza una viti kumi. Tisa ni vya wazee, na cha kumi hukaa kitupu, kimefunikwa kitambaa cheupe. Kinaitwa kiti cha Watakaokuja. Husujudiwa kila mkutano unapoanza, kisha hugeuziwa migongo mpaka utakapokwisha. Watu walijaa mpaka kwenye miti. Kata mbili zilikuwa mezani. Kibibi alisimama pembeni yangu, miguu imemvimba, mkono kiunoni.

Nikasimama. Nilikuwa nimevaa koti.

"Kumi na nne," nikasema.

Hawakuelewa. Nikaeleza, tone kwa tone, nikanyanyua bilauri mbili waone zambarau ikifa upesi upande mmoja na kuchelewa upande wa pili. Nikawaambia sikukuu hii tunayoicheza ilizaliwa siku mtu mmoja alipochoka kungoja mvua. Mtu aliye nyuma akapiga kelele, akauliza nani huyo, atajwe. Bwana Shaame alinitazama kwa huruma. Mlango ulikuwa bado wazi, na ningeweza kuvua mkono mmoja wa koti, na wa pili.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi nilitengeneza unga. Mimi nilijaza chupa bombani. Mimi nilisema sifuri mara arobaini na moja, nanyi mkanywa."

Kisha mwanamke mmoja, Bi Mosi muuza vitumbua, aliyezika watano, alinijia, akanizaba kofi, akarudi mahali pake. Sikujishika shavu. Bwana Shaame akaona afadhali kuulizia la mbele, akataka kujua maji yatakuwa safi lini. Nikasema mkaa uliopondwa, ukichanganywa na mchanga kwenye chungu kilichotobolewa, unashika unga. Nimejaribu jana na juzi, kumi na saba inashuka mpaka sita. Kila nyumba iwe na chungu chake, nami nitafundisha kuanzia leo. Wenye mimba na watoto wasiyaguse hata hayo, wachotewe Kigongo. Na ardhi yenyewe, ikisafishwa kila msimu na kupimwa kila mwaka, itachukua miaka sitini. Wakaguna. Mzee mmoja wa Baraza akacheka kwa uchungu, akaniuliza katika mwaka huo wa sitini mimi nitakuwa wapi.

"Nitakuwepo," nikasema.

Wakacheka wote, na nilijua kwa nini. Walikuwa wakitazama mvi zangu. Waliolivaa koti kabla yangu walisimama nyuma yangu, wote watano, nikihisi pumzi zao shingoni, lakini mbele yangu hapakuwa na mtu. Niliona haya. Nilikuwa nimeahidi kwa mdomo wa mtu ambaye hayupo.

Wakati huo Kibibi alichoka kusimama. Alivuka ukumbi taratibu, akavuta kile kitambaa cheupe, akajifuta jasho nacho, akakaa kwenye kiti cha Watakaokuja. Wazee waliinuka kama waliochomwa. Bwana Shaame akamwambia, binti, hicho si kiti cha kukaliwa, kinasubiri wenyewe.

Kibibi akaweka mikono miwili juu ya tumbo.

"Ndiye huyu, mzee," akasema. "Muulizeni yeye kama miaka sitini ni mingi."

Bi Mosi alikuwa wa kwanza kwenda mezani. Akachukua kata ya pili, akaimwaga chini polepole, vumbi likainywa. Mnyororo ukarudishwa kisimani mchana uleule. Baraza likakutana bila mimi na kuamua kwamba Mpimaji asiyeaminika hapaswi kulindwa na mji: hakuna paa, hakuna wanafunzi, hakuna mizani, na kibao cha mlangoni king'olewe. Kikang'olewa. Hawakuufunga mlango, kwa sababu vyungu vya mkaa walikuwa wanavihitaji. Sikuwalaumu kwa hilo pia. Walinipa nilichostahili na wakanibakizia kazi.

Alasiri nikaingia maabara. Tangi nililivunja kwa nyundo, pigo baada ya pigo, mpaka mkono ukafa ganzi. Chupa ya shahidi nikaiosha mara kumi kwa maji ya mvua, nikaijaza, nikaiweka dirishani. Kibibi alikuja nyuma yangu, akavua viatu mlangoni. Nikamwambia sakafu ina vigae vilivyovunjika, avae. Hakuvaa. Aliuliza dawa hudondoshwaje, nikamshika mkono, nikamwachia. Mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko wangu. Alihesabu kwa sauti mpaka zambarau ikapotea, akalivuta daftari kwake, akatafuta ukurasa mweupe.

Nilivua koti nikamtupia mabegani, maana baridi ilikuwa imeanza kupiga. Halikufunga tumboni. Aliandika mwaka wa kwanza, akaandika shahidi, matatu. Kisha akakaa na kalamu hewani, mwanangu wa miaka ishirini na sita, akiwaza, halafu akaandika mstari mwingine. Nikachungulia juu ya bega lake nisome alichoandika chini.

*Nilikosea miaka arobaini na mmoja. Leo naanza upya.*